Misumari Mdomoni

Ilikuwa ule mwaka umeme ulipokuwa ukikatika kila jioni. Hapana, nakosea, mwaka ule wasingeona kitu. Ni mwaka uliofuata, umeme ulipotulia, ndipo ndugu wawili mafundi wa makochi walipoipenda ile tamthilia ya kuchekesha ya watu wabaya.

Mdogo mtu aliitwa Fundi Mdogo, ingawa mvi zilikuwa zimemjaa hata puani. Jina alilipata alipoanza kazi kwa kaka yake, na kaka hakuona sababu ya kumpandisha cheo. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kaka: vumbi la sifongo, magunia ya matambara, makochi yaliyokaa matumbo wazi yakisubiri wenyewe, na juu ya kabati televisheni yenye mstari wa kijani pembeni.

Katika tamthilia ile hapakuwa na mtu wa kumpenda. Kulikuwa na mzee tajiri, mchoyo, mdomo mchafu, na watoto wake waliokuwa wakingoja afe. Kila Alhamisi mzee alijishika kifua akajitupa chini, apate kuona nani atalia na nani atakimbilia funguo za kabati. Hakulia mtu. Kifungua mimba wake alimtazama tu kutoka mezani, akasema, "Kufa basi, baba, chakula kinapoa."

Shemeji, mke wa kaka, hakutaka hata kuisikia. Aliwauliza wanapata raha gani kwa watu ambao wangekuwa majirani zao wangehama mtaa. Kaka alimjibu kwamba hao angalau wanayatema yaliyo moyoni, sisi wengine tunayameza. Shemeji akaenda zake jikoni.

Basi mchezo ule ukahamia kwenye kazi. Kaka akichoka, alijishika kifua na kuyumbia kochi la mteja. Fundi Mdogo, bila kuinua kichwa, alimwambia afe basi, chakula kinapoa. Wakacheka mpaka wakafuta macho, kisha wakaendelea kugongelea. Hawakujua kupendana kwa njia nyingine. Tangu utotoni hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake neno jema uso kwa uso.

Sasa, fundi wa makochi ana tabia moja. Ile misumari midogo ya kitambaa huiweka mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, ili mkono huu uvute kitambaa na huu ushike nyundo. Kwa hiyo maongezi ya karakana ni ya kung'ong'a tu, na Fundi Mdogo alikwishazoea kumsikia kaka yake nusunusu.

Alhamisi moja, tamthilia iko katikati, kaka alikuwa nyuma yake akimalizia kiti. Alisema kitu. Kilitoka kizito, kimebanana. Misumari, alijisemea Fundi Mdogo. Kikafuata kishindo cha nyundo, halafu kishindo kikubwa zaidi. Akageuka kidogo, akamwona kaka amelala ubavu, mkono kifuani. Akaona leo kajitupa vizuri kuliko siku zote. Akarudisha macho kwenye kioo, akacheka.

"Kufa basi, baba, chakula kinapoa."

Akakaa hivyo mpaka matangazo. Hapo ndipo alipoliona kopo la misumari kando ya kiti, kifuniko chake hakijafunguliwa. Mdomoni mwa kaka hamkuwa na kitu.

Hospitali walisema ni kiharusi. Daktari akasema angeletwa mapema pengine, akaishia hapo. Fundi Mdogo aliimalizia mwenyewe sentensi ile, kila siku.

Kaka alirudi nyumbani upande mmoja umekufa, ulimi umelala. Mdogo mtu ndiye aliyemwogesha, akamnyoa, akamlisha uji kwa kijiko. Shemeji, ambaye hakusikia kilichosemwa siku ile, aliwaambia majirani kwamba ndugu wa namna hii hawazaliwi tena. Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Alhamisi alimwegemeza kaka kwenye mito mbele ya televisheni. Mzee wa tamthilia akijitupa chini, Fundi Mdogo alimtazama kaka badala ya kioo. Jicho moja lilitoka machozi, lakini jicho hilo siku hizi lilitoka machozi kutwa. Alisubiri shemeji atoke kuanua nguo, akapunguza sauti, akatia kidole chake katika kiganja kile kizima ili kaka akibane akiweza. Kisha akauliza, kama alivyouliza kila Alhamisi mpaka walipomzika:

"Kaka, ulijua nilikuwa nakutania?"