Yaya wa Yoramu Chedego

Mjomba wangu Yoramu Chedego aliimba wimbo mmoja uliojulikana nchi nzima, na sikumwona akiufurahia hata siku moja. Wanaouliza kama kweli ni mjomba wangu hucheka kwanza, kisha huitikia kwa sauti nyembamba: "Abee!"

Alizaliwa kijijini kwetu, mbele ya Chamwino, mahali ambapo mtama hukubali mwaka huu na kukataa mwaka ujao. Baba yake, Mzee Ernest, alikuwa mfugaji na mzee wa kanisa. Mama yake, Ruthu, alikuwa mpiga muheme, ile ngoma ya wanawake inayobanwa kwa mapaja. Bibi hakuacha kupiga kwa sababu ya kunyonyesha. Alimfunga mtoto mgongoni akaendelea. Ndiyo maana mama yangu, Penina, dada mkubwa wa Yoramu, alikuwa akisema mdogo wake alijua mapigo kabla hajajua kukaa. Zeze alifundishwa na watu wazima wa kiume akiwa machungani, naye akalipenda kuliko ng'ombe.

Alipomaliza darasa la saba alikwenda Mpwapwa, akapata kazi kwenye josho la shirika moja la umma la mifugo. Mashirika ya wakati ule yalikuwa na timu za mpira na bendi. Mchana Yoramu aliogesha ng'ombe, Jumamosi akapiga gitaa akiwa amevaa suruali ya kitambaa na shati la sare. Hapo ndipo alipokutana na Abbasi, mpiga besi kutoka Tanga, mtu mcheshi ambaye hakuwahi kukosa la kusema.

Mwaka 1992 shirika lilifungwa. Magitaa na ngoma vilipigwa mnada siku moja na matrekta mabovu. Wengi walirudi kulima. Abbasi alimwambia mjomba, "Kaka, sasa ni ruksa. Kila mtu anauza chake. Mimi na wewe tuna nini zaidi ya vidole?" Wakapanda treni kwenda Dar es Salaam.

Machi mwaka uliofuata bibi Ruthu alifariki. Mama yangu alituma simu ya maandishi kwenye ukumbi ambao Yoramu alikuwa akipiga, lakini bendi ilikuwa ziarani Morogoro, na karatasi ile ilikaa siku nne chini ya chupa ya wino mezani kwa karani. Alipofika kijijini alikuta mikeka imekunjwa na waombolezaji wametawanyika. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Yoramu alipiga magoti, akamshika miguu, akalia.

"Umekula?" babu akamuuliza.

Hakuulizwa jambo jingine. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimekaa karibu na jiko, na nadhani angelaumiwa ingemwia rahisi zaidi.

Siku tatu alikaa nyuma ya zizi na zeze lake. Siku ya nne asubuhi aliwaita babu na mama, akawaimbia alichokitunga:

*Yaya, umetoka hukuniaga,
jiko limepoa, nani ataliwasha?
Yaya, mtoto analia,
yaya, rudi nyumbani.*

Kwa Kigogo, yaya ni mama. Maneno mengine yote aliyaweka kwa Kiswahili ili hata wenzake wa bendi wapate kumwelewa, lakini neno hilo moja hakuweza kulibadili. "Mama ni wa watu wote," alimwambia dada yake. "Yaya ni wangu."

Wimbo ule haukuwa na mahali pa kupumua. Kila mstari ulipokaribia kuisha, neno yaya liliingia juu yake, kama mtoto anayeita huku anakimbia. Babu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, alisikiliza hadi mwisho.

"Siku ya kuweka msalaba," akasema, "utauimba huu kaburini. Hukumzika. Utamzika siku hiyo."

"Nitauimba, baba."

Hiyo ndiyo ahadi. Kwetu msalaba wa saruji hauwekwi siku ya maziko. Familia husubiri mpaka kuwe na chakula cha kuwapa watu watakaokuja. Hatukujua kwamba tutasubiri miaka sita.

Aliporudi Dar alimwimbia Abbasi, akitaka tu mtu wa kumsikiliza. Abbasi akasema wimbo ni mzuri, waurekodi. Siku ya kurekodi Yoramu aliingiza sauti na zeze, akaondoka kwenda kumtazama mgonjwa. Aliyemwona baadaye dukani, kwenye jalada la kanda, alikuwa msichana aliyeshika ufagio.

Abbasi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa Mtanga, alisikia alichosikia. Yaya ameondoka bila kuaga, jiko limepoa, mtoto analia: ni nyumba gani ya mjini isiyoijua shida hiyo? Akaongeza kasi, akaongeza ngoma, na kila palipotajwa yaya akapafungua kidogo, akaweka sauti ya mwanamke inayoitikia: "Abee!"

"Kwa nini hukuniuliza?" Yoramu alimwambia.

"Kuuliza nini, kaka? Yaya si yaya?"

"Yaya ni mama yangu."

Abbasi alishika kichwa. Aliomba radhi kwa dhati, hata machozi yalimlenga. Lakini kanda zilikwisha kurudufiwa, halali na za wizi, na redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuwasha mitambo na kutafuta nyimbo za kuchangamsha watu. Kufikia mwaka 1996 kila baa, kila harusi na kila duka la mitumba lililokuwa na spika nje liliita yaya na kuitikiwa abee. Watu waliucheza kwa kuinama na kufagia. Wasichana wa kwetu waliokuwa wakifanya kazi za ndani mjini waliitwa barabarani, "Yaya wa Yoramu!" Mmoja wao, Yudith, binti wa jirani yetu, alipokuja likizo hakumsalimia mjomba. Alimpita kama anayepita mti.

Mjomba alidhani kwamba akipata nafasi ya kueleza, watu wataelewa. Nafasi ikaja. Aliitwa redioni, nasi tukakusanyika nyumbani kwetu Chang'ombe, Dodoma mjini, mama akiwa ameomba ruhusa ofisini.

"Yoramu, tuambie," mtangazaji akasema, "huyu yaya ulimtoa wapi?"

"Yaya ni mama," mjomba akajibu. "Mimi kwetu—"

"Ahaa! Wasikilizaji mmesikia? Yaya akawa mama! Mama mwenye nyumba! Kumbe ulimuoa kabisa!"

"Hapana, namaanisha mama mzazi. Alifariki..."

"Yaya alifariki? Mbona kwenye wimbo anaitikia?" Kicheko kikajaa redio nzima, na kabla mjomba hajasema neno wimbo ukawekwa.

Mama alizima redio. "Angeimba Kigogo kitupu," akasema, "wasingeelewa hata neno, wakanyamaza. Neno moja tu amewapa, wakaliokota."

Na mimi nilijaribu. Niliandika barua kwa gazeti moja, kurasa mbili, nikaeleza neno kwa neno. Waliichapa wiki tatu baadaye, mistari minne, chini ya kichwa cha habari: *Msomaji amtetea yaya wa Yoramu*. Mjomba aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. "Ahsante, mwanangu," akasema. Sijui kama alikuwa ananifariji au ananiomba nisijaribu tena.

Aliimba wimbo ule Mwanza, Mbeya, Mombasa, kwenye sherehe za vyama na uzinduzi wa viwanda vya soda. Usiku mmoja alijaribu kuuimba polepole, bila mapengo, na watu wakapiga meza. Abbasi alimsogelea jukwaani akamnong'oneza, "Kaka, hawa wamekuja kucheza, hawakuja msibani." Mjomba alifunga macho, akaita yaya, akanyamaza, na ukumbi mzima ukaitikia.

Mwaka 1998 alirudi Dodoma. Vijana wa mtindo mpya walikuwa wamechukua redio, na bendi ilibakia na kumbi ndogo. Alipiga muziki kwenye baa moja ya Majengo, hasa wakati wa vikao vya Bunge mji unapojaa wageni. Walimwita Mzee Abee, ingawa hakuwa ametimiza miaka arobaini. Nilipokuwa likizo kutoka chuo kikuu nilimpelekea chakula mchana, nikamkuta peke yake na zeze, akipiga kitu kisichofika mwisho.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu sikiliza hapa." Akapiga. "Ndivyo wimbo ulivyokuwa siku ile?"

"Nilikuwa mdogo, mjomba."

"Lakini ulikuwepo. Ulikaa karibu na jiko."

Nikamwambia nadhani ndivyo ulivyokuwa. Sikuwa na hakika, naye alijua.

Miaka hiyo msalaba ulikuwa umeshindikana: mwaka mmoja ukame, mwaka mwingine mvua zilizosomba madaraja na mtama pamoja. Mwaka 1999 mtama ulikubali. Babu, ambaye sasa alikuwa haoni kabisa, akatuma neno: Agosti, Jumamosi ya pili. Na Yoramu aje na zeze.

Mama yangu alitangulia wiki nzima. Hakwenda kupika. Alipita nyumba kwa nyumba, kwa wakwe, kwa wanakwaya, kwa walimu wa shule, akiwaomba jambo moja.

"Akiimba, asiitikie mtu."

"Ah, Penina, nani atafanya hivyo kaburini?" mke wa mchungaji alimuuliza.

"Watoto watafanya. Na wewe mwenyewe, mama mchungaji, ulifanya kwenye harusi ya Debora."

Mama mchungaji akacheka, kisha akaziba mdomo. Siku ile, kabla ya ibada, mchungaji mwenyewe aliwasimamisha watoto wa shule mstari na kuwaambia atakayefungua mdomo atachota maji ya saruji mpaka Krismasi. Babu alisikia hayo yote, akauliza kuna nini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Redio yake ilikuwa imekufa betri tangu zamani. Wimbo wa mwanawe aliusikia kwa mbali tu, siku za gulio, na mara moja alisema hao watu wa mjini wana kelele.

Tulikwenda makaburini mchana. Upepo wa Agosti ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu juu ya nguo za kwaya. Msalaba ulikuwa umelazwa juu ya gunia, jina la bibi limechongwa kwa msumari: RUTHU. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kukoroga saruji. Babu aliketi kwenye kiti, mkono wake juu ya fimbo. Yudith alikuwepo pia, mwisho wa kundi, mtoto mgongoni.

Yoramu alitoa zeze kwenye mfuko. Mtoto mmoja alianza kutabasamu, mwalimu akamtazama, tabasamu likaisha. Nikaona watu wazima wakibana midomo, kila mmoja akitunza ahadi aliyompa mama. Sijawahi kuona kijiji kizima kikijitahidi hivyo kwa ajili ya mtu mmoja.

Alianza vizuri. Zeze lilikuja taratibu, la kukwaruza, kama lile la nyuma ya zizi. Mama alinishika mkono.

"Yaya," akaimba, kisha akanyamaza.

Hakuna aliyeitikia. Upepo ulipita. Upinde ulikuwa umesimama juu ya uzi, nusu pumzi, mahali pale pale alipozoea kusimama miaka yote ile akisubiri ukumbi. Nilimwona akishtuka. Alikuwa hajui kwamba amenyamaza.

Babu aligeuza uso upande wake.

"Unamngoja nani, mwanangu?"

"Simngoji mtu, baba."

"Basi endelea."

Akarudi mwanzo. Safari hii aliharakisha, akaivuta mistari ya kwanza, umetoka hukuniaga, jiko limepoa, na lilipofika neno lile midomo yake ikalitoa na mkono ukasimama. Pengo likafunguka palepale. Alilitazama zeze kana kwamba ni la mtu mwingine. Watu walikuwa kimya, kimya cha kutii, na kadiri walivyozidi kunyamaza ndivyo lile pengo lilivyozidi kuwa kubwa. Mama alikuwa ameiziba midomo yake kwa khanga. Ningependa kusema kwamba nilifanya jambo, kwamba nilijitokeza nikauanza wimbo badala yake. Niliutafuta kichwani nikaupata: wenye ngoma, wenye ufagio. Wa kwanza sikuwa nao tena.

Alijaribu mara ya tatu. Safari hii hakufika hata kwenye jiko.

"Huu ni ule wa gulioni," babu akasema, bila ukali. Alikuwa kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. "Imba ule wa mama yako."

"Ndio huu, baba."

"Sio huu."

"Nimeutafuta, baba. Nimebaki na huu tu."

Babu alinyoosha mkono hewani mpaka akaligusa zeze, akaushika uzi kati ya vidole viwili, kama anayepima kama ni mzima. Kisha akaurudisha mkono juu ya fimbo. Mtoto wa Yudith alianza kulia, na Yudith akambembeleza kwa kupigapiga mgongo, taratibu, mapigo mawili mawili.

Mchungaji alisubiri kidogo. Akamtazama babu, akamtazama mjomba, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tuunyanyue msalaba, kwa sababu saruji ilikuwa imeanza kukauka. Mjomba aliliweka zeze chini kwenye vumbi, akaenda kushika upande mmoja.