Kompyuta za RAM ndogo: mstari umejaa, flash iko nusu tupu

Tak!

Hiyo sauti ya flash ikichomolewa bado iko masikioni mwangu, wakuu. Salaam aleikum, na wengine habari zenu. Nimechoka, lakini wacha niwaambie vile ilikuwa, bila chumvi.

Nafanya kazi cyber moja mtaa wa Bulla Pesa. Mashine ni za kitambo, RAM 2GB, Linux. Wateja walilia ziko slow, fundi akapandisha setting ya vm.dirty_ratio mpaka asilimia 60, ushauri wa server kubwa. Yaani kernel, moyo wa Linux, inashikilia data nyingi kwa RAM kabla ya kuiandika kwa flash.

Watu wakafurahi. Unacopy, ule mstari wa kuonyesha copy imefika wapi unajaa haraka, hata kama data bado iko kwa RAM.

Lakini hapa kwetu hakuna mtu hu-eject, yaani kuiambia mashine imalize kuandika kabla ya kuchomoa flash. Mstari ukijaa, mtu ashachomoa.

Hawo, muuza maziwa ya ngamia, alileta memory card ya kaka yake. Ndani kuna video ndefu ya marehemu mama yao akiimbia ngamia kisimani. Hakuna nyingine. Akacopy kwa flash yake, akaichomoa, akarudisha kadi kwa simu ya kaka. Kaka akaenda na mifugo Oldonyiro.

Jioni Hawo akarudi. "Dada, mama ananyamaza katikati!"

Tukampigia kaka. "Usifute kitu!"

"Si mngesema?" akajibu. "Kadi imejaa, nilikuwa karibu kufuta."



Tukangoja arudi. Huku nabishana na boss, hataki slow tena. Mwishowe akasema, "Fanya basi. Wateja wakihama, utawafuata wewe."

Nikaweka vm.dirty_bytes 16MB na vm.dirty_background_bytes 8MB, mashine zote, ndiyo RAM isishikilie data nyingi kabla ya kuiandika. Sasa mstari hauongopi sana.

Kadi ikafika. Hawo akatazama ule mstari ukijikokota. "Mashine yako imekula nini? Hata ngamia mwenye mimba anaipita."

"Ngoja tu, dadangu."

Nilichojifunza: default ya mashine maskini isichaguliwe kwa speed peke yake. Angalia kwanza watu wako huchomoa flash vipi. Siku moja nikifungua cyber yangu Kiwanjani (cheka tu), nitaanzia hapo. Nyinyi mmeweka ngapi? Mwenye namba bora aimwage hapa, sitakasirika.

Hawo alipotoka kupeleka maziwa, nilibaki peke yangu. Mstari ulipojaa, nika-eject flash, nikairudisha ndiyo isomwe upya, si kutoka kwa RAM. Nikavaa earphones. Kiborana changu ni cha kuokoteza, lakini nilimsikiza yule mama mpaka video ikaisha.