Barazani Ramadhani, Jikoni Idi

Safari hii sikuipanga mimi, niliitwa. Wazee wangu walipeleka posa Ole, Pemba, kwa Mzee Shaame, baba yake Mize. Mize tulijuana hapa hapa Unguja, alipokuja kwa dada yake kujifunza cherehani. Mimi nilikuwa napaka rangi nyumba ya jirani, na ule ukuta niliurudia mara tatu ili kazi isiishe. Mzee Shaame hakusema ndiyo, hakusema la. Alisema, "Mwambieni aje mwenyewe siku ya Idi, nimwangalie." Nimwangalie, kama mbuzi wa kununuliwa.

Mama alipoona nasafiri, akanibebesha na habari. Kwetu salamu za sikukuu kwa simu si salamu. Simu ni ya kuuliza umefika. Habari za mwaka hubebwa na mtu, akakaa kitako, akazitoa moja moja. Akanambia, "Kwa mama yako mdogo Wambaa, huko huko Pemba, sema Salma kazaa pacha, nyumba tumeiezeka bati jipya, na mjomba wako mguu umepona lakini sasa hasikii. Na jibu la Ole usinipigie simu. Uje nalo mdomoni." Mimi skuli nilitoka kidato cha pili, na kumbukumbu ilitoka kabla yangu. Kwa hiyo kutoka nyumbani mpaka bandarini nilikuwa nasoma kama mtoto wa chuo cha Kurani: Salma pacha, nyumba bati, mjomba masikio.

Ndani ya boti nilikuwa nimefunga kama watu wote, siku za mwisho za mwezi. Bahari ikaanza kutupa. Nikatapika, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Nikamuuliza mzee wa pembeni yangu, "Sheikh, kutapika kunafunguza?"

"Umejitapisha au umetapika?"

"Wallahi sikumbuki. Ilikuja haraka."

"Basi umefunga. Lakini geukia kule."

Mkoani tulishuka alasiri, mimi nikiwa na rangi ya tango. Wambaa nilifika karibu na magharibi. Mama mdogo, Bi Time, yuko mlangoni kanishika mashavu utadhani ananunua papai.

"Habari za Unguja?"

"Njema."

"Hamjambo nyote?"

"Hatujambo."

"Mama yako?"

"Yuko salama."

Ndiyo ada yetu. Hata kama nyumba imeungua, kwanza ni njema, mtu akae, ale, ndipo umwambie. Basi tukafuturu, na baada ya kikombe cha pili cha chai mama mdogo akasema, "Haya, toa." Nikatoa. Ila kule kutapika kulichukua na mengine. Nikasema Salma kaezekwa bati, na mjomba kazaa.

Mama mdogo akaweka kikombe chini. "Mjomba wako?"

"Pacha," nikasema, kwa sababu hilo nilikuwa na uhakika nalo.

Ilibidi ampigie mama simu, akavunja ada. Nilizisikia kelele za mama mimi niliyekaa upande wa pili wa chumba.

Hata hawajamaliza kunicheka, jirani akapiga hodi dirishani. "Mwezi umeonekana! Kesho Idi!"

"Umeonekana wapi?" nikauliza.

"Huko!"

"Huko wapi?"

"Huko, bwana! Umeonekana!"

Nikatoka nje kuangalia. Mbingu ilikuwa mawingu matupu, nzito kama godoro lililonyeshewa. Nyinyi mnajua, sisi nyumbani hungoja mwezi wa hapa hapa. Lakini msikiti wa mama mdogo wao hushika kwamba ukionekana popote duniani, umeonekana. Vigelegele vikapigwa, vitunguu vikaanza kukatwa. Na mimi mtu nikisikia vitunguu vinakatwa huwa sina hoja tena.

Asubuhi Wambaa ilikuwa Idi kwelikweli. Tukasali, watoto wakapita na miwani ya plastiki na mabofu ya kupuliza, kila mtu kanukia udi. Nikala pilau sahani mbili, tambi, halua, na kipande cha keki kilichokuwa cha mtoto. Kanzu yangu mpya ikawa inanibana kwa mbele. Mama mdogo akajaza hotpoti kubwa la pilau, akalifunga kwa kanga.

"Kwa mkwe hakuendwi mikono mitupu."

"Mama mdogo, na huko Ole nao ni Idi leo?"

Akanitazama kwa huruma. "Kombo, mwezi ni mmoja. Kwani wao Ole wana wao?"

Likaniingia hilo. Nikapanda bodaboda na hotpoti mapajani.

Njiani ndipo dunia ilipoanza kunichezea. Kijiji cha kwanza watoto wana nguo mpya. Cha pili watoto wana fulana zilizotoboka na wanabeba ndoo za maji. Cha tatu nguo mpya tena, na cha nne hakuna moshi hata nyumba moja. Nilikuwa nikipunga mkono kote, "Idi mubarak!" Bibi mmoja wa kile kijiji cha nne akanitolea macho kama kaona mtu kavua nguo sokoni.

Nikamgonga dereva begani. "Kwani leo ni Idi au si Idi?"

"Inategemea tumefika wapi."

"Na weye umefunga?"

"Mie niko safarini," akasema. Nikamuuliza safarini toka lini. Akasema toka mwezi uanze.

Ole tuliingia kabla ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imenyesha, njia tope tupu, kanzu yangu nyeupe ikapata pindo jekundu ambalo fundi hakulishona. Kulikuwa kimya. Mtu mmoja alikuwa anachimba muhogo, kavaa msuli wa kazi kiunoni. Mtu hachimbi muhogo kwa msuli wa kazi siku ya Idi. Na lile hotpoti, ambalo mama mdogo alinihakikishia halitoi harufu, lilikuwa linatangaza iliki na bizari nyumba kwa nyumba. Watu wakawa wanatokeza milangoni. Hawakuwa wakinitazama mimi. Walikuwa wanalitazama hotpoti.

Mzee Shaame alikuwa kwenye baraza yake, kavaa fulana na kofia ya kila siku, tasbihi mkononi. Mimi mbele yake nang'ara, nanukia udi, tumbo mbele, mafuta ya pilau hayajanikauka mdomoni. Nikasema, "Asalamu alaykum." Akaitikia. Nikasema, "Shikamoo mzee." Akasema marahaba. Na mimi badala ya kutulia nikaongeza neno baya kuliko yote niliyokuwa nayo.

"Idi mubarak."

Tasbihi ikasimama.

"Umefunga weye?" akauliza.

Hapa nilifikiri haraka, na mimi nikifikiri haraka mambo huharibika. Nikisema nimefunga, mdomo wangu unang'aa. Nikisema sijafunga, ndiyo posa imekwisha, nimekula mchana wa Ramadhani na nimekuja kumwonesha.

"Mzee, jana nilifunga."

"Nakuuliza leo."

"Leo asubuhi nilikuwa Wambaa."

"Sikukuuliza ulikuwa wapi."

"Wambaa palikuwa Idi, mzee. Nimekula. Nimekula sana." Na kwa kuwa nilishaanza kuzama, nikasema yote. "Hapa ndo sijui ni nini. Wallahi hata mie sijui sasa hivi niko kwenye siku gani."

Ndani ya nyumba mtu akacheka. Mama mtu mzima akatokea mlangoni, kanga mpya mwili mzima, piko mikononi hadi viwikoni, wanja, asumini kichwani. Bi Mgeni, mama yake Mize.

"Idi mubarak, mwanangu! Pita ndani. Hilo hotpoti lete huku jikoni, mie nimefungua."

Nikamtazama Mzee Shaame. Mzee Shaame akatazama mnazi wake.

"Huyu Idi yake leo," akasema. "Mie Idi yangu kesho. Tangu nilipomuoa. Kwao kwingine, kwetu kwingine. Hapa barazani ni Ramadhani, kule jikoni ni Idi. Chagua."

Jamani. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini, mguu mmoja huku, mmoja kule. Jikoni kuna mama mkwe anafunua hotpoti, na kama hukula kwa mama mkwe siku ya Idi umemtukana. Barazani kuna baba mkwe na jibu langu liko kwake. Na huko nyuma ya pazia nikaona ncha ya kanga ya Mize inatikisika, kumbe anakufa kwa kicheko badala ya kunisaidia.

Nikaingia jikoni, nikamshika mkono Bi Mgeni, nikampa Idi yake na salamu za mama. Nikamwambia, "Mama, mie nimeshiba mpaka hapa. Wewe kula, mie nitakaa na mzee mpaka magharibi." Kisha nikarudi barazani, nikakaa kitako, nikamwambia mzee, "Ramadhani karim." Sikujua kama nimefanya vyema au nimeharibu pande zote mbili kwa mkupuo.

"Sasa weye umefunga nini?" akaniuliza.

"Sijui, mzee. Mdomo tu."

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mtu akishiba pilau halafu asinywe maji mpaka magharibi, huyo anajua kiu. Ulimi wangu ulikauka kama brashi iliyosahauliwa nje ya tapentaini ya kuoshea rangi. Bi Mgeni akawa anaulizia ndani, makusudi, kwa sauti, "Nani anataka maji ya balungi?" Mzee akawa hasikii. Jua lilipoanza kulegea, akainuka, akatwaa kisu, akachinja jogoo nyuma ya nyumba, mwenyewe kafunga, midomo mikavu kama yangu.

"Wa nani huyo, mzee?"

"Wa mama watoto. Idi yake leo, atakula nini? Pilau la Wambaa?"

"Na kesho?"

"Kesho yeye atanipikia mie. Na futari yangu ya leo yeye ndo kaipika, na hajaionja chumvi mbele yangu hata siku moja." Akafuta kisu kwenye jani la mgomba. "Na weye na mwanangu mtafanyaje? Mize hufuata kwa mama yake. Nyinyi kwenu mwangoja mwezi wa hapa."

Hili ndilo swali nililoitiwa. Nililijua kwa namna alivyonipa mgongo. Nikatafuta jibu la kisheikh, sina. Nikatafuta la mtu msomi, hilo ndo kabisa.

"Sijui, mzee. Kuchinja najua. Kupika nitajifunza."

Akaingia ndani na jogoo wake, akaniacha mimi na manyoya.

Siku ya pili ilikuwa Idi ya Ole, na mimi nikala Idi kwa mara ya pili, kwa juhudi kubwa. Wale waliolitazama hotpoti jana leo walinishika mkono. Yule mchimba muhogo kavaa kanzu, akanambia, "Jana ulitutesa, kijana." Habari zikatolewa barazani, za kwao na za kwetu, na safari hii nikazipata sawa: Salma pacha, nyumba bati, mjomba masikio. Mize alipita na sinia la vitumbua, akasema chini kwa chini, "Umefunga mdomo tu?" Akapita. Lakini jibu, hakuna. Mzee alizungumza muhogo, alizungumza mvua, alizungumza karafuu zake. Mimi hakunizungumza.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Bodaboda inanguruma, hotpoti tupu mapajani, na mimi sina jibu la kumpelekea mama. Akanishika mkono.

"Mwakani uje tule Idi."

Mimi sasa nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, nikauliza mapema. "Idi ipi, mzee? Ya jana au ya leo?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Muulize mkeo," akasema, akageuka zake.

Boti nzima kutoka Mkoani nilikuwa nalifikiria neno hilo. Muulize mkeo. Mke gani? Mimi nina mke wapi? Nikaogopa labda mzee kanichanganya na mposaji mwengine mwenye mke tayari, au ana uzee wa kusahau. Au ndiyo namna ya Kipemba ya kumwambia mtu nenda zako. Sikutapika safari hii, kichwa kilikuwa na shughuli nyingine.

Nyumbani mama alinipokea mlangoni.

"Habari za Pemba?"

"Njema."

"Hawajambo?"

"Hawajambo." Ada ni ada. Nikaletewa chai, nikanywa, mama ananitazama kila funda. Ndipo nikamwambia lote, la hotpoti, la kizingiti, la jogoo, na mwisho nikamwambia, "Jibu sikupewa, mama. Kanambia tu nije tule Idi mwakani, na nikimuuliza ipi, ananambia nimuulize mke wangu. Na mimi mke sina."

Mama akarudia, "Mke huna."

"Sina, mama."

"Basi kaa hapo hapo, usiinuke, mpaka akili ikushukie."

Akatoka uani, akapiga kigelegele. Nyinyi wa mtaani mlikuja mbio na mikono yenye sabuni, mkapokea habari, mkapiga na nyinyi. Mimi ndani bado nimeshika kikombe. Ndiyo maana nawaandikia, kwa sababu mnasema Kombo alikuwa wa mwisho kujua kapata mke. Ni kweli, lakini sasa mnajua nilitokea wapi.

Kama mtaniuliza nimejifunza nini Pemba, la mwezi sijajifunza, nimerudi nao umenichanganya zaidi. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kumchinjia mwenzake jogoo wa Idi na yeye mwenyewe kafunga, nyumba isianguke.

Nilipoinuka pale nilimpigia Mize. Nikamwambia, "Baba yako kasema nikuulize. Mwakani tunakula Idi ipi?"

"Zote mbili," akasema. "Ya kwanza unapika weye."