Mgonjwa Haulizwi Uji: Kutoka Tabora Kwenda Kuiona Mashine ya Figo

Nilipelekwa Uingereza kwa miezi michache ya mafunzo ya ualimu, lakini nilikuwa na safari yangu ndani ya safari hiyo. Kaka yangu Idi, fundi seremala wa hapa Tabora mjini, alikuwa amevimba uso na miguu. Daktari alituambia figo zake zimechoka kabisa, na kwamba mashine ya kuzisaidia, miaka hiyo, haikuwepo nchini.

"Ukaitazame vizuri ilivyoundwa," kaka aliniambia stesheni. "Mimi ni fundi, tutajua la kufanya."

Gari moshi lilipita Itigi na Dodoma, njia ya babu zetu Wanyamwezi waliokwenda pwani kwa miguu na mizigo ya watu mabegani. Mimi nilibeba swali la kaka, nalo halikuwa jepesi.

Kule Uingereza nilimuuliza kila niliyekutana naye, hadi mwalimu mwenzangu akanipeleka kwa jirani yake, Bwana Walter, mgonjwa wa figo. Nilidhani tunakwenda hospitali. Kumbe mashine ilikuwa nyumbani mwao, chumba cha nyuma, kubwa kama kabati la nguo, na aliyeiendesha ni mkewe, Bibi Elsie. Damu ilitoka mkononi kwa mrija mmoja, ikasafishwa, ikarudi kwa mwingine, huku mzee anasoma gazeti. Alifungwa hapo mara tatu kwa wiki, saa nyingi kila mara.

"Mlipewa na nani?" nikauliza.

"Serikali."

"Na umeme ukikatika?"

"Nazungusha kwa mkono," alisema Bibi Elsie.

Kisha akanimiminia chai kikombe kikubwa, mumewe akampa kikombe kidogo mno. Nikamuuliza mbona anambania.

"Maji yakizidi yanamjaa mapafuni," alijibu. "Hata mwenye mashine hupimiwa."

Nikakumbuka nyumbani, kaka akiletewa uji bakuli kwa bakuli, nikaingiwa na hofu.

Tabora nilifika asubuhi. Kaka alikuwa ameegemezwa mito, hawezi kulala chali. Nikamsimulia habari za Bwana Walter na mashine yake.

"Inabebeka?"

"Haibebeki, kaka. Inataka bomba lisilokauka, na dawa zake, na watu waliofundishwa."

Kisha akauliza, "Na huyo Mzungu hunywa nini?"

Nikamweleza habari ya kikombe. Wakati huo wifi yangu Zuhura, mkewe, alikuwa anaingia na bakuli la uji, na majirani wawili nyuma yake na mengine.

"Wifi, mgonjwa haulizwi uji," alinikatiza.

"Mimi niulizeni," kaka akasema.

Kesho yake balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango: anayekwenda kumjulia hali Idi aulize kwanza kabla ya kumpa cha kunywa. Wapo walionuna. Lakini uvimbe ulipungua, kaka akalala chali tena, akamaliza hata mlango wa jirani ambao kazi yake ilikuwa imesimama.

Alifariki mvua zilipoanza. Walter nilimwacha akipanga kupanda viazi vya mwaka ujao. Yeye nchi yake ilimpa miaka. Kaka, kikombe kilimpa miezi. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Baada ya arobaini nilishikwa na malaria palepale nyumbani kwao. Wifi Zuhura alikuja na bakuli mkononi, akasimama mlangoni.

"Wifi," aliniuliza, "nikupe?"