Mediani Haikusogea

Katika miaka ile ya vita nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nikawa nafundisha takwimu katika shule moja ya sekondari mjini Butembo, darasa la tano, tawi la biashara. Vitabu havikuwepo. Namba za mazoezi ilibidi tuzitafute wenyewe, na mwaka huo nilimwomba kila mwanafunzi aje na idadi ya watoto wa nyumbani kwao.

Prefe, mkuu wetu wa shule, mgeni kutoka Kisangani, alisimama mlangoni akazisoma zile namba ubaoni, akacheka.

"Mwalimu, kwenu batoto banaota kama maharagi. Bote hawa banakulaka nini?"

Hakujua kwamba kwetu Wanande jina humngoja mtoto kabla hajazaliwa. Lipo la mwana wa kwanza, la wa pili, la wa tatu, wavulana kwa yao na wasichana kwa yao. Mtoto akifa, nafasi yake haichukuliwi na mwingine. Wa tatu hubaki wa tatu hata akiwa ndiye mkubwa aliyesalia. Kwa hiyo wanafunzi wangu walihesabu kwa majina, wakaleta walio hai na waliozikwa pamoja. Mimi mwenyewe, mtoto wa huko huko, sikuona kosa lolote mpaka prefe alipocheka. Tuliziacha namba zilivyo.

Msichana mmoja wa kijiji cha Masereka aliandika saba. Aliishi mjini kwa shangazi yake, na kwao hakuna binti aliyewahi kusoma mpaka darasa la tano. Kaka zake wawili wakubwa walilima viazi ili yeye asome. Alitaka kuingia la sita, darasa la mwisho, apate diploma, na hilo alilisema waziwazi, kama mtu anayetaja safari aliyokwisha kuifungia mzigo.

Wiki ya mitihani ya mwisho wa mwaka, watu wenye silaha walipita kijijini kwao. Walikuwa wa kundi gani, kila aliyesimulia alitaja lake. Kaka zake wote wawili waliuawa shambani. Mitihani mingine yote alikuwa ameshaifanya. Ulibaki wangu tu. Asubuhi ya mtihani huo alikuja na mjomba wake, mzee mwenye koti lililolowa umande, aliyekuwa ameshika kifurushi cha nguo za msichana.

"Mwalimu, tunakuya kukuaga," mjomba alisema. "Camionnette yenye kupakia batu ba Masereka itaondoka mbele saa sita ifike."

"Mujomba, umuache afanye hii moja. Akiikosa, mwaka yake yote imekufa."

"Na mama yake? Viazi iko mu udongo, na benye kuichimba njo bale tulizika. Mwaka ya nani njo imekufa, mwalimu?"

Msichana mwenyewe ndiye aliyemjibu, akitazama chini, "Mujomba, niandike tu. Kisha tutaenda."

Mzee alikitazama kifurushi, akakiweka chini ya dirisha la darasa, akaketi kando yake.

Maswali nilikuwa nimeyatunga kabla ya habari ile kutufikia. Namba zilikuwa zile zile za darasa, na saba yake ilikuwa ubaoni pamoja na nyingine: tafuta wastani, tafuta modi, ile inayojirudia mara nyingi zaidi, tafuta mediani, yaani ile inayoangukia katikati ukizipanga zote kutoka ndogo hadi kubwa. Nilishika kitambaa nikafikiria kuifuta ile saba. Kabla sijaamua, aliinua mkono.

"Mwalimu, kwetu niache saba?"

Kalamu zote zilisimama. Nilimwambia afanye aonavyo vema. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma, mcheshi wa darasa, ambaye sikumbuki kumsikia akisema jambo pasipo mzaha, alinena taratibu, akimwita yaya, yaani dada mkubwa:

"Acha saba, yaya. Ama unataka ukuwe mukubwa kwenu bure hivi? Jina yako inakatala."

Jina lake lilikuwa la binti aliyezaliwa nyuma ya wavulana. Wachache walicheka kidogo kwa pua. Na msichana mwenyewe nusura atabasamu. Kisha akainama akaandika.

Alimaliza kabla ya wenzake, akanipa karatasi kwa mikono miwili. Dirishani nilimwona mjomba akisimama, akipangusa vumbi kwenye kifurushi, na wakaondoka, yeye nyuma, mzee mbele.

Niliposahihisha, niliona amefanya hesabu mara mbili: mara kwa saba, mara kwa tano. Modi ilikuwa ile ile. Wastani ulishuka kidogo sana, na alipoukadiria hadi namba nzima iliyo karibu, kama nilivyowafundisha, ulirudi pale pale. Mediani haikusogea. Yote hayo aliyaeleza kwa Kifaransa, kama sheria ya shule ilivyotaka. Chini yake aliongeza kwa Kiswahili: "Darasa haiwezi kujua kama batu bamepunguka. Mama tu njo anajua."

Hesabu zilikuwa sahihi. Nilimpa alama zote.

Siku ya kutangaza matokeo, uwanja ukiwa umejaa wazazi, prefe alilisoma jina lake miongoni mwa waliopita. Akalirudia, akidhani hakusikia. Yule mcheshi alitoka mstarini akaipokea karatasi ya alama ya msichana, amtunzie.

"Nitamuchungia," alisema. "Atakuya kuikamata mu la sita."

Hakuja. Tuliambiwa analima na mama yake. Baadaye kijiji kizima kilihama, na hatukusikia tena.

Somo hilo ningali nalifundisha. Siulizi tena kuhusu watoto, tunapima viazi. Lakini kila mwaka hufika siku ya kueleza kwamba uzuri wa mediani ni kutotikiswa na yanayotokea pembeni. Sentensi hiyo huisema nikiwa nimeuelekea ubao.