Viatu Vyeupe Mferejini

Mgomba uliokatwa sasa hivi una harufu yake: ya majimaji, chungu kidogo, na ndani yake kuna udongo. Kila jirani yangu hapa Engutoto anapofyeka migomba, mimi huacha ninachofanya nikatazama miguu yangu. Msinicheke. Nitawaambia sababu.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba, aliyekuwa fundi bomba mjini, alitutangazia mimi na kaka yangu Eliya kwamba Jumamosi tungefanya safari yetu wenyewe, kwa teksi ya kukodi kutwa nzima. Tungeona daraja la zamani la reli upande wa Kikwe, halafu vijiji vya kale mlimani, halafu mfereji ambao wazee waliuchimba bila kipimo chochote. Jamani, teksi! Nikavaa viatu vyeupe vya kanisani. Mama akakataa, nikalia, akakubali.

Darajani nyasi zilikuwa zimeota kati ya mataruma. Baba alipapasa mawe ya nguzo taratibu, akasema aliyejenga kitu kama kile hakuwa na haraka. Yeye mwenyewe alikuwa nayo. Alitazama saa mara tatu, na soda zetu tukazimalizia garini. Nilipofungua buti kuchukua sweta, nikaona jembe.

Tulipoipita Makumira na kuanza kupanda, ndipo akatueleza habari za Bibi. Kwetu Wameru mfereji hauna mwenyewe mmoja. Kila nyumba inayotumia maji yake hutoa mtu siku ya kuusafisha, na nyumba isiyotokea miaka miwili mfululizo hunyimwa zamu ya maji. Tangu Babu afariki hakuna aliyetokea kwa niaba ya Bibi, maana Baba kila mara alikuwa na bomba la mtu limepasuka. Sasa kahawa ya Bibi ilikuwa inakauka. Siku ile wazee wangeamua kama nyumba yake bado inahesabika.

Tulikuta watu wengi na majembe yao. Niliamkia shikamoo mpaka ulimi ukachoka. Mzee wa mfereji, mrefu, amevaa koti la suti na buti za mvua, aliitikia salamu ya Baba bila kumtazama sawasawa. "Fundi wa mjini," alisema tu, na wengine wakacheka. Baba naye akacheka, lakini uso wake ulinywea.

Wakubwa walishuka na mfereji kuzoa tope. Sisi tuliachwa juu kwenye banio, pale maji yanapoingia kutoka mtoni. Palikuwa pamezibwa kwa magogo ya migomba, mawe na udongo, na mfereji chini yake ulikuwa mkavu. Baba alikuwa ametueleza njiani jinsi wazee walivyochimba: hatua chache, kisha wanayaacha maji yafuate, yakigoma, wanajua wamekosea.

Sasa mimi ni mtoto wa fundi bomba. Nilichokuwa nimekiona maisha yangu yote ni Baba akiingiza mkono kwenye bomba, akivuta tambara, maji yakikohoa, na wenye nyumba wakimsifu. Nikatazama yale magogo nikasema moyoni: kumbe ndiyo maana kahawa ya Bibi inakauka! Na hawa watu wazima wote hawajaona! Eliya alijaribu kunizuia, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa ndizi choma. Nikavuta gogo kwa mikono miwili.

Maji yakashuka. Nilijivuna kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha nikasikia makelele huko chini. Tope walilolizoa tangu asubuhi lilikuwa limerudi lilikotoka. Kandambili ya mtu mmoja, niliambiwa baadaye, ilipatikana mashamba mawili mbele.

Mzee alipanda na suruali iliyolowa mpaka magotini. Akanitazama, akawageukia wenzake.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Hakuna aliyejua. Baba alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika jembe, na hata kwa akili yangu ya miaka tisa niliona kwamba jibu lake lingeweza kumkosesha Bibi maji. Niliogopa angenyamaza.

"Ni wangu, mzee," alisema. "Ni wa nyumba ya mama yangu."

Mzee akanyoosha kidole kwenye banio. "Basi aliyefungua atafunga. Na tope lililorudi, atalibeba."

Nililibeba kwa karai, nikiwa nimevaa viatu vyangu vyeupe, mpaka saa kumi. Kisha mzee akaita nyumba moja moja. Alipofika kwa Bibi alisema, "Watu wawili," akaendelea na nyingine. Bibi, aliyekuwa ameshika sufuria ya loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaanza kupakua. Alianza na mimi.

Viatu Mama aliviosha mara nne akakata tamaa. Kwa miaka mingi niliamini nilikuwa nimeadhibiwa. Nilikuwa mtu mzima nilipojiuliza kwa nini Baba hakupanda mlimani peke yake na jembe lake. Hakutupeleka tukaone mfereji. Alitupeleka tukaonekane, ili siku moja swali la yule mzee lisikose jibu.

Siku hizi magoti ya Baba hayapandi mlima. Mwaka huu mwanangu aliniuliza Jumamosi tunakwenda wapi, nikamwambia tunakwenda kuona daraja la zamani la reli. Jembe nilikuwa nimeshaliweka kwenye buti.