Fungate ya Siku Mbili Jinja

Safari ya kwenda Mbale ilinichukua siku tatu, na karibu nusu yake niliisafiri nikiwa nimesimama. Nilipanda treni Voi, daraja la tatu, nikiwa na sanduku la bati, blanketi moja, na cheti changu cha shule nilichokikunja ndani ya gazeti kisipate kuloa. Nairobi askari walitushusha wote wakatukagua vipande vya utambulisho, kwa maana ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Baada ya Nakuru treni ilianza kupanda, ikapanda, ikapanda, na baridi ya huko juu iliniingia mpaka kwenye meno. Mzee mmoja Mluhya alinifunika nusu ya koti lake bila kuniuliza naitwa nani. Tororo nilibadili treni. Asubuhi ya siku ya nne nikaona mlima mkubwa umekaa juu ya mji, mawingu yameukata katikati, nikajua nimefika.

Sikuwa na jamaa Uganda. Nilikuwa nimesikia tu kwamba huko karani anayejua hesabu na kuandika barua hakai bila kazi. Isitoshe, tangu utotoni mimi ni mtu wa kuamini kwamba kituo kinachofuata ni kizuri kuliko hiki. Sasa nina miaka arobaini na kitu na bado sijapona kabisa.

Kazi niliipata wiki ileile, kwenye ghala la kahawa la familia moja ya Kihindu. Nilisimama mizanini kutwa, nikiandika uzito wa magunia yaliyoteremshwa kutoka mlimani. Ni hapo nilipomwona mke wangu. Alikuja na baba yake na punda wawili. Nilipotaja uzito wa gunia la kwanza alisema, "Pima tena." Nikapima tena. Alikuwa na haki, nilikuwa nimekosea. Mwaka ule ule ndoa yetu ilifungwa msikitini Mbale, na kesho yake asubuhi nilirudi mizanini, kwa sababu ulikuwa msimu wa kahawa na tajiri hakutoa ruhusa. Fungate hatukuwa nayo. Mke wangu alinitania kwa jambo hilo miaka miwili mfululizo.

Baba yake alipofariki alimwachia kipande cha shamba mlimani, jambo ambalo kaka zake hawakulifurahia. Akapanda mibuni michanga pamoja na mama yake. Kila Jumamosi alikwea kwenda kupalilia, akarudi Jumapili jioni na udongo mwekundu mpaka magotini. Mbuni hauna haraka. Unakaa miaka mitatu, minne, ndipo unakupa kitu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuzijua njia zote za Mbale, maduka yote, nyuso zote kwenye dirisha la posta. Jioni nilikwenda stesheni kutazama treni ya Soroti ikipita, bila kumsubiri mtu yeyote.

Ndipo ikaja barua kutoka Jinja. Walihitaji karani wa mizigo gatini, mtu wa kuandika marobota ya pamba yanayopakiwa melini, na walitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Niliisoma mara nne nikiwa nimesimama barabarani. Gati, meli, winchi, ziwa lisiloonekana mwisho! Usiku huo sikulala vizuri. Lakini nilijua nikimwambia mke wangu hivi hivi, nyumbani, huku akiosha jembe, atasema hapana, na neno lake likishatoka halirudi. Nikaamua kwanza aione Jinja. Nitampeleka siku mbili, tutembee kama watu wa fungate, na Jumapili, akiwa amefurahi, nitamwambia.

Peke yetu angeshuku. Kwa hiyo nilimshawishi rafiki yangu, fundi wa kushona kutoka Nakaloke, jirani na Mbale, aje na mkewe. Huyu fundi ndiye aliyekuwa shahidi wangu wa ndoa. Nilimwonyesha karatasi niliyoandika mpango wote: saa moja basi, saa sita kufika, saa saba kula, saa tisa kupiga picha, saa kumi kutazama bwawa la umeme, na Jumapili asubuhi gatini. Akaisoma kwa sauti mbele ya cherehani yake.

"Bwana, hii ni fungate au zamu ya kiwandani? Kukojoa umekuweka saa ngapi?"

"Wewe lipa nauli tu."

"Na kulala?"

"Kulala niachieni mimi. Nimeshapanga."

Kweli nilikuwa nimepanga, na nilijisifu moyoni. Nyumba za wageni za Jinja walizoruhusiwa watu kama sisi zilikuwa vyumba vya vitanda kumi, wanaume watupu. Lakini mke wangu alikuwa na mama yake mdogo aliyekaa Mpumudde, kando ya mji, mjane mwenye nyumba ya vyumba vitatu, aliyechukua samaki ufukweni Wanyange na kuwauza mjini. Kwetu pwani, nyumba ya mama mdogo ni nyumba yako. Unaingia, unakula, unalala, na ukiondoka bila kulala analalamika. Nikamwandikia barua, jirani yake akamsomea. Nilimwomba atupokee mume na mke, na mume na mke. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa tayari mkononi, nikaongeza chini: je, Mpumudde chumba cha kupanga kwa mwezi ni bei gani? Jibu lililetwa na kondakta wa basi kwa mdomo. "Amesema mje. Nyumba ipo."

Mke wangu sikumwambia tunakwenda kulala wapi. Nilitaka ashangae.

Alishangaa. Tulishuka kwenye basi saa sita na nusu, vumbi la njia ya Iganga limetugeuza nywele rangi, nikawaongoza mpaka Mpumudde nikiwa mbele kama kiongozi wa bendi. Mke wangu alipoitambua njia aliuliza, "Tunaenda kumsalimia mama?" Nikajibu, "Utaona." Nikatangulia uani, nikapiga hodi. Mwanamke mfupi akatoka na kikapu cha samaki kichwani, akaniona, akaona mke wangu nyuma yangu. Kikapu kikaanguka. Akavuta leso akajifunika uso mzima, akageuka, akakimbilia migombani kwa jirani.

Mimi nikadhani amestuka. Nikamfuata mkono umenyooka, nikiita, "Shikamoo mama! Ni sisi! Ni sisi kutoka Mbale!"

"Shemeji, simama!" alipiga kelele mke wa fundi, mwanamke mnene ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, na siku hiyo nilimwona. "Simama! Huyo ni mama mkwe wako!"

"Mama mkwe wangu yuko mlimani!"

"Na huyu pia! Wote ni mama! Ukimgusa mtatetemeka mikono nyote wawili mpaka kaburini!"

Majirani walikuwa wametoka. Mzee mmoja alikaa chini kabisa kwa kucheka. Fundi alinishika shati kwa nyuma, na hapo ndipo niliposimama, hatua tano kutoka kwa mwanamke aliyekuwa amejibanza kwenye shina la mgomba, leso inatikisika.

Nilijua mwiko wa mama mkwe. Mama yake mke wangu sikuwahi kumwona uso tangu siku ya ndoa. Tukikutana njiani mmoja wetu alitoka akasimama kwenye nyasi mpaka mwingine apite. Lakini hesabu yangu ya pwani ilikuwa imeishia kwake. Haikunipitia akilini kwamba dada yake naye ni yeye. Na mama mdogo alipojibu "mje", alikuwa na hesabu yake vilevile: wanawake watalala kwake, wanaume, kama watu wenye akili, watajua pa kwenda. Nani angedhani mkwe atauliza kulala paa moja na mama mkwe?

Nililipa faini ya kitenge, kilichopelekwa migombani na mke wa fundi. Kisha wanawake wakabaki Mpumudde, na sisi wanaume tukafukuzwa kwa heshima. Fundi alikuwa na mwenzake mwenye duka la kushona karibu na msikiti, na huko ndiko tulikolala, juu ya meza ya kukatia nguo, vifungo vikituchoma mbavuni.

"Fungate tamu," alisema fundi. "Sogea, mke wangu."

Lakini nimeruka. Kabla ya hapo, saa tisa, wanawake walitukuta mjini kwa ajili ya picha. Mchana huo nilikuwa nimezunguka Jinja kama mtu aliyepoteza kitu, nikipita barabara ileile ya maduka mara tatu, nikihesabu saa. Mke wangu alikuja amevaa gauni la bluu alilolishona fundi kwa safari hiyo. Hakunitazama. Nikadhani ni aibu ya migombani. Mpiga picha, Mhindi mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alituketisha kwenye benchi, akaingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi, akakitoa tena.

"Bwana, hii bibi yako ama bibi ya jirani? Kaa karibu!"

Nikasogea. Mke wangu naye akasogea, upande uleule niliosogelea. Mzee akapiga picha hivyo hivyo.

Bwawa tulilitazama, maji yakinguruma mpaka tukashindwa kusikilizana, na kwangu ilikuwa nafuu.

Jumapili asubuhi tulikwenda gatini. Nilikuwa nimeota saa hiyo kwa wiki mbili. Meli ilikuwa imefunga, tishali mbili za mizigo kando yake, winchi inanyanyua marobota, na ziwa linang'aa mpaka macho yanauma. Kiboko alikuwa ametoka majini asubuhi ile, kinyesi chake bado kibichi kwenye majani. Fundi na mkewe walikwenda kununua samaki wa kukaanga. Tukabaki wawili, nami nikaanza kueleza, haraka haraka, nikionyesha kwa kidole: kule wanapima, kule wanaandika, ile ni ofisi ya makarani, ona ina pangaboi.

Kiswahili chake mke wangu kilikuwa cha Mbale, kifupi, kisicho na mapambo.

"Umenileta nione Jinja," alisema, "ama nizoee Jinja?"

Nikashusha kidole.

"Mama mdogo amenipa barua yako, jirani akasoma tena mbele yangu. Chumba cha mwezi. Amefurahi, anasema mtoto wake anakuja kukaa. Ameshauliza bei kwa majirani. Mimi nikakaa hapo kama mjinga, nasikia habari ya nyumba yangu kwa jirani."

"Nilitaka uone kwanza. Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Hiyo ni kosa?"

"Kazi ni nzuri. Mshahara ni mzuri kuliko ghala."

"Na baada ya gati? Baada ya gati ni wapi?"

Nilisema hakuna baada, hapa ndipo mwisho. Aliangalia meli, si mimi. Nadhani hata yeye aliona nilivyokuwa nimesimama, uzito wote kwenye vidole vya miguu.

"Ile mibuni imebakiza mwaka moja," alisema. "Nikiiacha, kaka zangu wataingia kesho. Kaa mwaka moja. Tukivuna mara ya kwanza, shamba litakuwa na jina langu mbele ya watu wote, nitamwachia mama, nitakufuata hapa. Mwaka moja tu."

Lilikuwa ombi la haki. Hata leo nikiligeuza upande huu na ule sioni kasoro yake. Nilipaswa kusema ndiyo pale pale, kabla samaki hawajaja. Nikasema, "Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi."

Akatikisa kichwa polepole, kama siku ile ghalani nilipopima gunia mara ya pili na namba ikatoka aliyoijua yeye.

Nilichukua kazi ya gatini. Kwa miezi ya kwanza nilirudi Mbale kila Jumamosi ya pili, kisha mara moja kwa mwezi, kisha meli zilizidi, au nilisema zilizidi. Nilikaa Jinja mwaka mmoja na miezi minne. Kufikia mwezi wangu wa tano nilikuwa nimeshajua winchi zote, na jioni nilisimama mwisho wa gati nikitazama meli ya Kisumu ikiondoka, bila kumsindikiza mtu yeyote. Nikiwa huko mavuno ya kwanza yalikuja, nami sikuwepo. Fundi ndiye aliyeniambia, alipokuja kununua vitambaa: kahawa ilitoka vizuri, kaka zake walikuja wenyewe kusaidia kubeba.

Nilipoacha kazi ya gatini nilipitia Mbale kumuuliza kama atakuja nami. Wapi, sikuwa na hakika. Pengine Nairobi, pengine Mwanza. Nilimkuta mlimani anaanika kahawa kwenye mikeka. Hakukasirika. Alinipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umekuja wakati wa kazi," alisema. "Mimi nabaki hapa."

Tulizungumza na shehe siku iliyofuata, na talaka ikaandikwa bila mtu kupandisha sauti.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza stesheni, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Alinibebea mfuko wa ndizi za kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Treni ilichelewa. Tulikaa kwenye benchi, tukazungumza habari ya mvua, ya mke wa fundi aliyejifungua mapacha, ya bei. Nilisimama kutazama reli, nikakaa, nikasimama tena.

"Kaa," alisema. "Itakuja."

Kisha akatazama mlimani. Wingu lilikuwa linashuka, na kahawa ilikuwa nje kwenye mikeka, mama yake yuko peke yake. Akainuka, akakung'uta gauni, akanipa mkono.

"Nenda salama, bwana."

Akaondoka kwa hatua ndefu, hakukimbia, akavuka reli, akashika njia ya mlimani. Nilibaki kwenye benchi karibu saa nzima nikisubiri treni.